Bima ya afya ya muda kwa anayehamia nchi mpya: maana yake na mahali inapokwama

Mtu akishagongewa muhuri wa kuingia nchi ya watu, hudhani hospitali nazo zimeshamtambua. Sivyo. Uhamiaji wana kalenda yao, na bima ya afya ya nchi ina kalenda yake. Kati ya kalenda hizo mbili kuna siku, wakati mwingine miezi, ambazo uko nchini kihalali lakini ukiugua bili ni yako. Kadi ya NHIF ya Tanzania au ya SHA ya Kenya haitakufaa kitu kwenye kliniki ya Vancouver, Kanada.

Bima ya afya ya muda ni mkataba wa kampuni binafsi unaoziba pengo hilo: unaanza siku unayotua na kuisha siku utakapoingia katika bima ya umma, ya mwajiri au ya chuo.

Urefu wa pengo hutegemea unakokwenda. Chukua huko Vancouver, jimbo la British Columbia, Kanada. Bima ya umma ya jimbo hilo inaitwa MSP, na aliyehamia husubiri siku zilizobaki za mwezi aliofika, kisha miezi miwili kamili. Aliyetua tarehe 30 Machi anamalizia Machi, anangoja Aprili na Mei, na tarehe 1 Juni anaanza kutibiwa. Aliyetua tarehe 2 Aprili, siku tatu tu baadaye, atangoja hadi tarehe 1 Julai. Kama tarehe ya safari iko mikononi mwako, tua mwisho wa mwezi. Na fomu ya MSP ijaze mara tu unapofika, usisubiri kupata nyumba nzuri kwanza.

Jimbo la Ontario nalo lilikuwa na kungoja kwa miezi mitatu, likaondoa utaratibu huo mwaka 2020. Kwa hiyo usiulize "Kanada ikoje", uliza jimbo. Uingereza ni tofauti kabisa: anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita hulipia mapema huduma za NHS, yaani hospitali na kliniki za umma, na tangu Februari 2024 watu wazima wengi hutozwa pauni 1,035 kwa mwaka. Ni fedha nyingi, lakini viza ikianza, matibabu nayo yameanza. Marekani, mzazi mwenye miaka 65 aliyeitwa na mwanawe kwa green card hawezi kununua Medicare, bima ya umma ya wazee, mpaka aishi huko miaka 5 mfululizo. Hapo bima ya miezi mitatu haitoshi. Tafuta bima kamili kabla hujamkatia mama tiketi.

Sasa tuje kwenye mkataba wenyewe, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Bima hizi hulipia jambo la ghafla: ajali, kidole tumbo, homa ya mapafu. Kliniki ya wajawazito, miwani na meno ya kawaida kwa kawaida hazimo. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya safari pia hautalipiwa, au utalipiwa ikiwa tu "umetulia". Neno hilo lina maana ya kimkataba. Tuseme baba ana presha, anameza dawa yake, amlodipine ya miligramu 5, kwa miaka mingi na hana shida. Wiki mbili kabla ya safari daktari anampandishia hadi miligramu 10. Kwa daktari huo ni uangalizi mzuri. Kwa kampuni nyingi za bima, kubadilishwa dozi kunamaanisha presha haijatulia, na miezi ya kuhesabu utulivu inaanza upya. Baba akipata kiharusi mwezi unaofuata, madai yanaweza kukataliwa. Kama dozi imebadilika, iambie kampuni kabla ya kulipa, upate jibu kwa maandishi. Kuficha ni hatari kuliko kukataliwa, kwa sababu kampuni huomba faili la hospitali ya nyumbani.

Angalia pia kipengele cha kusafirisha mgonjwa au maiti kurudi nyumbani. Wengi wetu tumewahi kuchangishwa kwenye kundi la WhatsApp ili ndugu arudishwe akazikwe kwao. Bima nyingi za muda zina kipengele hiki, na wanaoachiwa mzigo wa michango hawajui hata kama marehemu alikuwa na bima. Tuma nakala ya mkataba kwa ndugu mmoja huko uendako na mmoja nyumbani.

Nunua kabla ya kupanda ndege. Ukinunua baada ya kufika, kampuni nyingi hukuwekea siku kadhaa ambazo maradhi hayalipiwi, ajali tu. Chukua dawa za kutosha kulifunika pengo, pamoja na barua ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, si la kiwanda pekee. Namba ya dharura ya kampuni iandike kwenye karatasi uiweke ndani ya pasipoti: mikataba mingi hutaka wapigiwe kabla mgonjwa hajalazwa, na simu yako huenda siku hiyo haina chaji.