Simu Iliyokufa kwa Maji Si Lazima Iwe Feki

Mteja aliyedondosha simu ziwani akiambiwa kwamba bodi imeliwa na kutu, mara nyingi hunijibu kwamba basi aliuziwa feki, kwa sababu kwenye boksi imeandikwa IP68, alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji. Wiki hii nimelisikia jibu hilo tena, kutoka kwa mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambaye alikuwa tayari kupanda bodaboda kwenda kugombana na kijana aliyemuuzia. Nilimwomba asubiri, nikaifungua simu mbele yake. Ilikuwa halisi kuanzia bodi hadi gundi. Naandika kwa sababu nimechoka kuona hasira ya wateja wa Mwanza ikiwaangukia wauza maduka, wakati anayepaswa kuulizwa ni kampuni iliyoitengeneza simu na kuitangaza.

Tuanze na alama yenyewe. Tarakimu ya kwanza, 6, inahusu vumbi, na sina ugomvi nayo. Ya pili inahusu maji. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60529, tarakimu 7 maana yake ni kwamba kifaa kilizamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila kuingiza maji ya kukidhuru. Tarakimu 8 haina kina maalumu: inadai masharti makali kuliko ya 7, lakini masharti hayo huyataja mtengenezaji mwenyewe. Ndiyo maana Galaxy S8 yenye IP68 ilitangazwa kwa kina cha mita 1.5, na iPhone 12 yenye IP68 hiyo hiyo ikatangazwa kwa mita 6, zote kwa dakika 30. Boksi zinabeba alama moja, ahadi ni tofauti kabisa, na mteja aliyesimama dukani hana namna ya kulijua hilo.

Linalonikera zaidi, na ambalo hata mafundi wenzangu hulikosea, ni imani kwamba namba kubwa inazibeba ndogo zote zilizo chini yake. Si kweli. Tarakimu 5 na 6 katika nafasi ya pili ni majaribio ya maji yanayorushwa kwa nguvu kutoka kwenye bomba, ilhali 7 na 8 ni majaribio ya kuzamisha. Simu iliyofaulu kuzamishwa haihesabiwi kuwa imefaulu kurushiwa maji, na mtengenezaji aliyefanya majaribio ya aina zote mbili huandika alama mbili. Sasa tazama simu zetu zinavyoishi. Kuna wimbi linalopiga ubavu wa mtumbwi wa Ukerewe na kumwagikia mfuko wa shati, kuna mpira wa maji wa kuoshea makreti ya samaki, na kuna kijana anayeruka majini na simu mkononi ili ajipige picha na Mwamba wa Bismarck. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanana na simu mpya iliyolazwa katika maji masafi yaliyotulia ndani ya maabara.

Wapo wanaonijibu kwamba ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi. Ni kweli, na chumvi ingekula bodi haraka zaidi. Lakini maji ya kando ya mwalo yana mchanga, matope na sabuni, na sabuni hulainisha maji kiasi kwamba hupenya katika mwanya ambao maji matupu yangezuiliwa.

Kinachozuia maji ni vitu vidogo tu: ukanda mwembamba wa gundi unaozunguka kioo na mfuniko wa nyuma, raba kwenye trei ya laini na tundu la chaji, na utando kwenye spika. Gundi huchoka kwa joto, na simu ikianguka mara moja fremu inaweza kupinda kidogo na kuacha mwanya usioonekana kwa macho. Kampuni zenyewe zinalijua hili, kwani huandika kwa herufi ndogo kwamba kinga hiyo si ya kudumu na hupungua kwa matumizi ya kawaida.

Hapo ndipo faida inapotangulizwa mbele ya mteja. Tangazo linaonyesha simu ikimwagiwa maji, lakini karatasi ya dhamana inasema madhara ya kimiminika hayahusiki. Kampuni hiyo hiyo inabandika ndani ya simu kibandiko cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji, ili fundi wake apate sababu ya kukukatalia. Kama inaiamini gundi yake kiasi cha kuitangaza, kwa nini haiiamini kiasi cha kuilipia? Novemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 kwa mgongano huu huu wa tangazo na dhamana. Juni 2022 mahakama ya Australia iliitoza Samsung ya huko dola milioni 14 za nchi hiyo, baada ya kampuni kukiri kwamba matangazo yake yalipotosha, kwani tundu la chaji lingeweza kuliwa na kutu simu ikichajiwa ingali na maji. Simu za aina hizo zilizouzwa Australia zilizidi milioni 3.1, kwa hiyo faini ile haikufika dola 5 kwa kila simu. Sioni kampuni gani ingebadili tabia kwa bei hiyo. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo; ningependa kuona suala hili likifikishwa huko.

Yapo mambo ambayo sisi mafundi hatuna uhakika nayo, na mteja ana haki ya kuyajua. Kibandiko kikiwa chekundu, siwezi kuapa kwamba simu ilizama, kwa kuwa nashuku baadhi viligeuzwa na mvuke au jasho. Bodi niliyoisafisha kwa spiriti ikawaka vizuri inaweza kufa baada ya miezi kadhaa, kwa sababu kutu iliyojificha chini ya aisii, yaani zile chipu ndogo zilizochomelewa kwenye bodi, haionekani. Na nikishafungua simu nikabandika gundi mpya, sina kipimo cha kunithibitishia kwamba kinga imerudi ilivyokuwa. Ichukulie kwamba haipo.

Simu ikiingia maji, izime papo hapo, usiichaji, usiipashe moto, na mchele uache jikoni, kwa sababu haunyonyi maji yaliyonasa chini ya bodi. Ilete ifunguliwe siku hiyo hiyo.

Na kabla ya kununua, usiulize kama simu inazuia maji, kwa sababu kila muuzaji atakujibu ndiyo. Uliza ni nani atakayelipa ikiingia maji ndani ya mwaka wa dhamana, kisha umwombe aliandike jibu hilo kwenye risiti.