Sheria isiyotaja rangi nayo hubagua

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mtu aliyesomea sheria, kwamba sheria ya uraia isiyotaja rangi ya mtu haiwezi kuwa ya kibaguzi. Nimeshughulikia majalada ya uraia na uhamiaji kwa miaka mingi, na subira ya kulijibu jambo hili kwa upole imeniishia.

Sheria zilizotaja rangi waziwazi nitazipitia haraka, maana hazina mjadala. Mwaka 1790 Marekani iliruhusu uraia wa tajnisi, yaani uraia anaoupata mgeni kwa kuomba, kwa "mtu mweupe aliye huru" tu. Mwaka 1870 ikawaongeza watu wenye asili ya Afrika, na kigezo chenyewe hakikufutwa hadi 1952. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ilimkatalia Takao Ozawa, mzaliwa wa Japani, ikisema kuwa mweupe ni Mkaukasia, yaani mtu wa mbari ambayo wataalamu wa wakati huo waliwaweka Wazungu ndani yake. Miezi mitatu baadaye Bhagat Singh Thind, mzaliwa wa Punjab, alikuja na hoja kwamba wataalamu wa wakati huo walimhesabu kuwa Mkaukasia. Naye alikataliwa: jaji yule yule aliyeandika hukumu ya kwanza akaandika kwamba maana inayofuatwa ni ya mtu wa kawaida, si ya wataalamu. Anayetaka kucheka na acheke.

Linaloniudhi ni la Uingereza mwaka 1968. Waasia wengi wa Kenya walikuwa na pasipoti za Uingereza, na walipoanza kuhamia huko, Bunge lilipitisha kwa pupa sheria iliyomzuia mwenye pasipoti hiyo kuingia kwa uhuru, isipokuwa kama yeye, mzazi wake au babu au bibi yake alizaliwa Uingereza au alipata uraia huko. Kisome kifungu hicho mara kumi. Neno rangi hutalikuta. Sasa waweke mbele ya afisa watu wawili waliozaliwa Nairobi, wenye pasipoti za aina moja, mmoja mjukuu wa mtu wa Leeds, Uingereza, na mwingine mjukuu wa mtu wa Gujarat, India. Swali ni moja kwa wote wawili, nalo ni mahali alipozaliwa babu, lakini aliyelitunga alijua fika nani atalishindwa. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kuwa huo ulikuwa ubaguzi wa rangi, tena wa kudhalilisha.

Wapinzani wangu hunikumbusha kuwa Mkataba wa Kimataifa wa 1965 dhidi ya ubaguzi wa rangi unaziruhusu nchi kutofautisha raia na wasio raia. Ni kweli, ila husahau kusoma aya inayofuata, inayozikataza sheria za uraia kulibagua taifa lolote mahususi.

Hata hivyo, mpaka kati ya ubaguzi na kanuni halali siuoni vizuri kila mara. Kabla ya mwaka 2000, mtoto aliyezaliwa Berlin na wazazi wa Kituruki hakuwa Mjerumani kwa kuzaliwa, ilhali mtu wa ukoo wa Kijerumani aliyetoka Kazakhstan, hata kama hakukijua vizuri Kijerumani, alikuwa na njia ya wazi ya kupokewa. Je, ule ulikuwa ubaguzi wa rangi, au ni kanuni ya nasaba tu, yaani uraia kufuata damu ya wazazi, ambayo nchi nyingi duniani huifuata? Nimewahi kuandika hoja za pande zote mbili, na kila upande ulinishawishi nilipokuwa nauandikia.