Penalti Haifundishwi kwa Viboko: Dhana Potofu Kuhusu Ukakamavu wa Akili kwa Chipukizi

Dhana: Mtoto hukomaa kwa kufokewa na kukimbizwa mizunguko ya adhabu.
Kelele za mwalimu pembeni humzoesha mchezaji kumsikiliza mwalimu badala ya kuusoma mchezo. Shinikizo hujenga likiongezwa kidogo kidogo, na mchezaji akiwa na mbinu ya kulikabili. Chukua penalti. Mikwaju kumi mfululizo, miguu ikiwa haijachoka, ni mazoezi ya mguu tu. Afadhali mwisho wa mazoezi kila mmoja apige mkwaju mmoja, atembee peke yake kutoka katikati ya uwanja huku wenzake wakimzomea. Lakini kwanza awe na utaratibu usiobadilika: achague kona, atenge mpira, arudi hatua zake, atoe pumzi taratibu, aseme neno lake fupi la kujikumbusha, asubiri filimbi, avute pumzi moja tena, ndipo aufuate mpira. Uchunguzi wa Geir Jordet, mtafiti wa saikolojia ya soka kutoka Norway, na wenzake kwenye mikwaju ya mashindano makubwa ya kimataifa ulionyesha kuwa wanaokurupuka mara filimbi inapolia hukosa zaidi. Kosa jingine ni kubadili kona akiwa tayari mbioni.

Dhana: Ukimwambia "usipaishe", hatapaisha.
Umempandia wazo la kupaisha. Neno liwe fupi na litaje la kufanya: "chini, kulia". Alichague mwenyewe.

Dhana: Jasiri haogopi.
Moyo kwenda mbio ni mwili kujiandaa. Avute hewa kwa pua sekunde 4, aitoe kwa mdomo sekunde 6, mara 5, haifiki dakika. Aizoee nyumbani, asiijaribu kwa mara ya kwanza siku ya fainali.

Dhana: Hotuba ya kwenye basi la UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) inatosha.
Hotuba husahaulika kabla ya kushuka. Tenga dakika 10 za mazoezi ya akili, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 6 au zaidi. Sehemu yake iwe kujiona akilini: amevaa viatu, mpira miguuni, tukio likienda kwa kasi halisi. Kijana wa Kasulu atakayecheza Uwanja wa Lake Tanganyika, mjini Kigoma, aone majukwaa na asikie kelele zake. Kama hajawahi kufika, aonyeshwe picha kwenye simu.

Dhana: Mkakamavu huvumilia maumivu yote.
Aliyegongwa kichwa akapata kizunguzungu hutolewa, wala harudi uwanjani siku hiyo, hata aape kwamba yuko sawa.