Mtoto mwenye mifupa inayovunjika kirahisi: je, atatembea?

Binti yangu ana miaka miwili na ameshavunjika paja mara mbili. Tumeambiwa ni osteojenesisi imperfekta. Nilikosea wapi?

Hukukosea popote, mama. Ni hitilafu ya jeni: kolajeni, protini inayoupa mfupa uimara, inakuwa pungufu au ina kasoro. Wengine huirithi, wengine huzaliwa nayo ingawa wazazi hawana. Si chakula, si mkono wa mtu.

Atatembea?

Inategemea aina. Mwaka 1979 daktari David Sillence na wenzake, huko Australia, waliugawa ugonjwa huu katika aina nne. Wa aina ya kwanza karibu wote hutembea. Wa aina ya tatu wengi huhitaji kiti cha magurudumu. Wa nne wako katikati. Angalia pia anavyokaa. Mtoto anayewahi kukaa bila kuegemezwa ana matumaini makubwa zaidi ya kutembea.

Si afadhali alale tu mpaka mifupa ikomae?

Hapana, na hofu hii naielewa kabisa. Lakini mfupa usiobeba uzito huzidi kudhoofika na misuli hunywea, hivyo akitolewa plasta yu hatarini kuvunjika tena. Mwombe daktari plasta isikae kupita inavyohitajika, kisha mazoezi yaanze mapema na mtaalamu wa fiziotherapia. Nyumbani, beseni la maji ya uvuguvugu linasaidia sana: umemshikilia, maji yamembeba, naye anapiga mateke mwenyewe.

Nimbebeje?

Usimnyanyue kwa makwapa wala kumvuta mikono. Tanua vidole, kiganja kimoja chini ya makalio, kingine nyuma ya mabega na kichwa, umwinue mwili mzima kwa pamoja. Ukibadilisha nepi, usiinue miguu kwa kushika vifundo. Pitisha kiganja chini ya makalio. Mwonyeshe na bibi, dada wa kazi, na jirani anayependa kumpakata, maana kwetu mtoto hupita mikono mingi.

Kuna dawa?

Zipo za kuongeza uzito wa mfupa, kama pamidronati, zinazotolewa kwa dripu. Haziponyi jeni. Mfupa ukipinda au ukivunjika mara kwa mara, daktari huweza kupitisha chuma ndani yake. Vyuma vingine hurefuka kadiri mtoto anavyokua.

Kiti cha magurudumu hakitamfanya mvivu?

Hapana. Wapo wanaotembea na fremu ya kujishikilia sebuleni, na kwenda shule kwa kiti. Ukienda kliniki usiulize hatua tu. Uliza lini ataweza kujihamisha toka kitandani hadi kitini, na kuingia chooni mwenyewe.