Vinasaba vya marehemu na vya mchimbaji katika mfupa mmoja

Mfupa wa binadamu uliokaa maelfu ya miaka katika pango la mawe huku kwetu Mwanza hautunzi vinasaba vya mwenyewe peke yake. Sehemu kubwa ya DNA inayopatikana humo huwa ya bakteria na kuvu wa udongoni, na juu yake huongezeka ile ya walioushika: mchimbaji, mpiga picha, mtunza ghala. Ya bakteria hainisumbui sana, kwa kuwa kompyuta huitenga kwa urahisi. Inayonisumbua ni ya binadamu, maana vinasaba vyangu na vya mtu aliyezikwa miaka 4,000 iliyopita vinalingana karibu kila mahali.

Msaada wetu ni uchakavu wenyewe. Mtu akifa, DNA yake hukatika vipande vifupi, vingi visivyofika herufi 100 (herufi ni kemikali nne zinazojipanga kuunda DNA), na kwenye ncha za vipande hivyo herufi iitwayo sitosini hugeuka kemikali nyingine, yurasili, ambayo mashine huisoma kama herufi thaimini. Kipande kifupi chenye badiliko hilo mwishoni huelekea kuwa cha kale. Kirefu kisicho na alama nakitilia shaka. Uchafuzi, yaani DNA ya walioushika mfupa, ukizidi, tunabakiza vyenye alama tu, ijapokuwa pamoja na vya uchafuzi tunatupa vingi vilivyo halali, na hilo huniuma kila mara. Kisha tunapima uchafuzi uliosalia: mwanamume ana kromosomu X (mojawapo ya vifurushi vya DNA) moja tu, kwa hiyo mfupa wake ukionyesha herufi mbili tofauti katika sehemu nyingi za kromosomu hiyo, ndani yake mna mtu wa pili.

Hesabu hizo hazisaidii mfupa usiobakiwa na kitu. Joto la ukanda wa ikweta huharakisha kukatika kwa DNA, na udongo wa mawe yetu ya matale, wenye asidi, hula mifupa yenyewe. Ndiyo sababu tunatafuta kwanza mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani. Tunakwangua uso wake, kisha tunautoboa kwa keekee iendayo polepole, kwa kuwa joto la msuguano nalo huharibu. Unga wa miligramu 50 hivi hutosha. Kwamba inawezekana, si jambo la kubahatisha: mwaka 2020 zilichapishwa data za vinasaba kutoka Nyarindi, upande wa Kenya karibu na Ziwa Victoria, na mwaka 2022 za mtu wa Mlambalasi, Iringa, aliyeishi miaka ipatayo 18,000 iliyopita.

Nawasihi wenzangu wachimbaji: mifupa isioshwe kwa maji ya ziwa kama tuoshavyo vigae vya vyungu, kwa sababu unyevu huingiza DNA ngeni ndani ya vinyweleo vyake. Anayeunyanyua avae barakoa na glavu, auweke kivulini ukauke, na kila aliyekuwepo shimoni atoe, kwa ridhaa yake, ute wa shavuni ili maabara iweze kumtambua akijitokeza ndani ya mfupa.