Kadi ya bima unayo, mbona bado unalipa?

Nafanya kazi dawati la bima kwenye hospitali moja ya binafsi hapa Kampala. Napokea kadi ya mgonjwa, naangalia kwenye kompyuta bima yake inalipia nini, halafu naomba idhini kwa kampuni ya bima. Swali ninaloulizwa kila siku ni lilelile: dada, si nina bima, sasa hizi pesa ni za nini?

Shida iko kwenye limiti, yaani kiasi cha mwisho ambacho bima inakubali kukulipia kwa mwaka. Mtu akipewa kadi kazini anaambiwa jumla kubwa, tuseme shilingi milioni 20 kwa mwaka, anaondoka na hiyo namba kichwani basi. Lakini hizo milioni 20 hazikai pamoja, zimegawanywa kwenye vifuko. Kipo cha kulazwa, hicho ndicho kinono, kipo cha wagonjwa wa nje ambacho ni kidogo, halafu kuna vya meno, macho, kujifungua, na magonjwa ya kudumu kama sukari na presha, na pesa ya hiki haihamii kule hata ulie. Kuna kadi zingine limiti ni ya familia nzima, watoto wakiugua malaria mara mbili tatu kabla ya Juni, baba akiumwa Septemba anakuta patupu.

Kuna mzee mmoja, dereva wa kampuni, ana sukari. Alikuja kuchukua insulini yake, nikaangalia kwenye skrini, magonjwa ya kudumu: sifuri. Akainama akasoma mwenyewe, kidole juu ya kioo, akaona mstari wa kulazwa bado una milioni 10. Akaniuliza, "Binti yangu, hizi si zangu?" Nikamwambia ni zako mzee, ila mpaka ulazwe. Akasema, "Kumbe wanangoja nianguke."

Na hesabu yenyewe ni hiyohiyo. Kama limiti ya magonjwa ya kudumu ni 1,800,000, na dawa, vipimo na kumuona daktari vinakula 200,000 kwa mwezi, ukianza Januari, Septemba ikiisha na pesa imeisha. Oktoba mtu anaanza kuruka dozi, anachoma insulini leo kesho anaacha ili chupa ifike mwisho wa mwezi, sukari inapanda, mguu unapata kidonda kisichopona au figo zinaanza kuchoka, ndipo analazwa na kampuni ileile iliyokataa laki mbili inalipa mamilioni. Hili linaniuma kuliko yote ninayoyaona kazini, maana hapo hakuna anayefaidika, si mgonjwa si kampuni.

Mengine mnayajua. Kuna bima zinazotaka ulipe sehemu ya bili mwenyewe kila ukija, kuna muda wa kusubiri kabla hawajaanza kulipia uzazi au upasuaji, kuna dawa ambayo famasi yetu haina unaambiwa ukanunue nje kwa pesa yako halafu udai urudishiwe, na bila risiti halisi na karatasi ya daktari hakuna kitu. Usiku idhini ikichelewa, hospitali inaweza kukuomba depoziti, ndugu wanaanza kutafuta pesa kwa simu saa nane. Na ukiugua mpaka kazi ikakushinda, kadi ya mwajiri inaondoka na kazi.

Hospitali za serikali ziliondoa malipo mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia, lakini dawa zikiisha unaandikiwa ukanunue. Muswada wa bima ya afya ya taifa Bunge liliupitisha Machi 2021, Rais hakuutia saini. Kwa hiyo tulio wengi hatuna bima kabisa, ndio maana nawaheshimu sana watu wa Kisiizi kule Rukungiri, hospitali yao ilianzisha bima ya jamii tangu 1996, wanakijiji wanachanga kwa vikundi vyao.

Sasa wewe mwenye kadi, usiridhike na kile kikaratasi cha kukaribishwa. Mwambie mtu wa HR, ile ofisi ya mambo ya wafanyakazi, akupe jedwali lote la mafao, usome ya magonjwa ya kudumu kwanza kama nyumbani kuna mtu wa presha au sukari. Kila ukija dawatini uliza kimebaki kiasi gani na kwenye kifuko kipi, KABLA hujapelekwa maabara, tutakuonyesha. Muulize daktari kama dawa hiyo ipo ya jina la kawaida, isiyo ya kampuni kubwa, mara nyingi ni bei nafuu sana na inafanya kazi ileile. Mkataba wa kazini ukikaribia kuhuishwa, wafanyakazi mwende pamoja mkaombe limiti ya magonjwa ya kudumu iongezwe hata kama ya kulazwa itapungua kidogo, mwajiri ana nguvu ya kujadiliana na kampuni kuliko wewe peke yako.

Na wakikukatalia, omba sababu kwa maandishi. Ukiona hailingani na jedwali lako, peleka malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza, wakikupuuza nenda Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, wana kitengo cha malalamiko. Beba nakala ya jedwali, bili, na ile barua ya kukataliwa.