Uzito wa Mtoto Hupanda Tu: Tutajuaje Kama Kampeni Imesaidia?

Mradi wa kuzuia unene kwa watoto ukiisha, ripoti nyingi huhesabu semina zilizofanyika na vipeperushi vilivyogawiwa. Hiyo ni hesabu ya kazi, si ya mabadiliko. Na hata tukiwapima watoto kabla na baada, bado tunaweza kukosea, maana mtoto anakua: miaka ikipita, kilo zitaongezeka tu.

Mfano ninaoupenda ni wa Colac, mji mdogo katika jimbo la Victoria, Australia. Kati ya 2003 na 2006 wenyeji, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Deakin, waliendesha mpango kwa watoto wa miaka 4 hadi 12: maji badala ya soda, matunda, kwenda shule kwa miguu, michezo baada ya masomo, televisheni kwa kiasi. Hata chipsi za madukani ziliangaliwa. Watafiti waliwapima watoto wa Colac, kisha wakawapima pia watoto wa shule nyingine za ukanda huohuo ambako mpango haukufika. Hao wa pili ndio waliotoa jibu.

Pande zote mbili uzito ulipanda. Lakini ongezeko la watoto wa Colac lilikuwa dogo kuliko la wenzao kwa karibu kilo 1, na la kiuno kwa sentimita 3 hivi. Idadi ya walioingia kwenye uzito uliozidi haikutofautiana vya kutosha kati ya pande hizo mbili. Aliyetazama idadi hiyo peke yake angesema fedha zimepotea. Kilo moja kwa mtoto mmoja ni kidogo. Ikiwa ni wastani wa watoto wa mji mzima, mimi naihesabu kuwa mafanikio makubwa.

Walipima na madhara, jambo ambalo wengi wetu tunalisahau. Mtoto anayeambiwa kila siku habari za unene anaweza kuanza kujinyima chakula, au kuitwa bonge na wenzake. Colac, watoto wenye uzito pungufu na wanaojaribu kujikondesha hawakuongezeka kuliko kwingine.

Kisha wakatazama hali za kaya. Kule ambako mpango haukufika, watoto wa kaya zenye hali ya chini ndio walionenepa zaidi. Colac, pengo hilo karibu halikuonekana.